Je, wajua kwa nini watoto wa Normandy, katika jimbo la Missouri, waliambiwa hawastahili kuhama shule?

Nchini Marekani, shule ya umma anayosoma mtoto hutegemea zaidi anapoishi. Kila wilaya ya shule ina mipaka yake, na sehemu kubwa ya fedha zake hutokana na kodi ya majengo. Penye nyumba za thamani shule huneemeka, penye nyumba duni huchechemea.

Mwaka 1993 jimbo la Missouri lilitunga sheria ya kufungua mipaka hiyo. Wilaya ikipoteza ithibati, yaani kutambuliwa na jimbo kuwa inakidhi viwango, mwanafunzi mkazi wake anaruhusiwa kuhamia wilaya yenye ithibati katika kaunti yake au kaunti jirani, na ada inalipwa na wilaya anayotoka. Hakuna aliyeuliza alama zake wala kipato cha wazazi. Kigezo kilikuwa makazi tu.

Normandy, pembezoni mwa jiji la St. Louis, ilipoteza ithibati Januari 2013. Karibu wanafunzi wake wote walikuwa Weusi, wengi kutoka familia maskini. Juni mwaka huohuo Mahakama ya Juu ya Missouri ikaithibitisha sheria ile, na watoto wapatao 1,000, takriban robo ya wanafunzi wote, wakahama. Mamia walikwenda Francis Howell, wilaya yenye Wazungu wengi, zaidi ya kilomita 30 kwa basi. Kabla hawajafika, baadhi ya wazazi wa huko walisimama mkutanoni kudai mitambo ya kukagua silaha milangoni. Inauma kuona watoto wakihukumiwa hivyo hata kabla ya kuonekana.

Kilichoiangusha mipango, hata hivyo, kilikuwa ada. Francis Howell ilitoza kama dola 11,000 kwa mwaka kwa kila mtoto, na wilaya nyingine zilitoza zaidi. Darasani wakiondoka watoto watano, mshahara wa mwalimu haupungui, wala bili ya umeme. Normandy ikafunga shule moja ya msingi katikati ya mwaka na kupunguza watumishi, kisha jimbo likalazimika kuiongezea fedha isifilisike. Robo tatu waliobaki ndio walioumia, ingawa wao hawakuomba kwenda popote.

Mwaka 2014 jimbo likaivunja wilaya hiyo, likaunda nyingine mahali pale pale, likadai kwamba hii mpya haihesabiki kuwa haina ithibati. Kigezo nacho kikabadilika: waliohama bila kuwahi kusoma katika shule za Normandy mwaka uliotangulia kuhama kwao wakaambiwa hawastahili tena. Hoja ilikuwa kwamba nafasi ni za walioteseka katika shule mbovu, si za waliotoka shule binafsi au waliohamia mtaani baadaye. Ni hoja yenye uzito, lakini ilipaswa kuandikwa mwaka 1993. Kumwondoa mtoto ambaye tayari ana marafiki na walimu aliowazoea ni kumwadhibu kwa kosa la watunga sheria. Francis Howell nayo ikatangaza haitawapokea tena watoto wa Normandy.

Wazazi wakaenda mahakamani. Agosti 2014 jaji aliamuru watoto wa familia zilizoshtaki wapokewe, na Februari 2015 ikaamuliwa kwamba Normandy, kwa jina lolote, bado haikuwa na ithibati, hivyo haki ya kuhama ilikuwa palepale. Ithibati ya muda ilikuja kupatikana Januari 2018.