Tezi dume siyo ugonjwa, hata wewe unayo

Jumapili nimekaa kijiwe cha kahawa pale Kiborloni, mzee mmoja akaweka kikombe chini akasema kwa sauti ya ushindi kabisa, "Mimi nimeshapima, namshukuru Mungu sina tezi dume." Wenzake wakampongeza, mmoja akasema na yeye atakwenda wiki ijayo ahakikishe hana. Mimi nikanyamaza, maana ni mtu wa umri wa baba yangu na shikamoo nilishampa, sasa utaanzia wapi kumwambia meku kwamba kama kweli hana tezi dume basi kuna siku alifanyiwa upasuaji na hakuambiwa.

Haya, haraka haraka. Tezi dume ni kiungo. Kila mwanaume anayo, hata mtoto wa kiume aliyezaliwa leo asubuhi. Iko chini ya kibofu, mbele ya njia ya haja kubwa, na mrija wa mkojo unapita katikati yake. Kwa kijana ina ukubwa wa ndimu ndogo, uzito kama gramu 20 hivi, na kazi yake ni kutengeneza sehemu ya majimaji yanayobeba mbegu. Basi. Kusema "fulani ana tezi dume" ni sawa na kusema fulani ana figo.

Ila nimekaa nikajiuliza kwanini watu wazima wenye akili zao wanalisema hivi, na nadhani kosa siyo lao, kosa lipo ndani ya neno lenyewe. Neno tezi kwa wazee wetu halikuwa tu kiungo kinachotoa majimaji, lilikuwa ni uvimbe wenyewe. Mtu akivimba shingo, lile rovu, wanasema ana tezi. Mtoto akivimba koo, matezi. Kwahiyo masikio yetu yalishazoea kwamba ukiwa na tezi unaumwa, halafu wakaja wataalamu wakalichukua neno hilohilo wakalipa kiungo ambacho kila mwanaume kazaliwa nacho, wakaongeza na "dume" mbele, wakategemea tutaelewana! Na hilo dume nalo lina balaa lake, maana mtaani dume ni mwanaume hasa, mwenye nguvu zake, kwahiyo mtu akiambiwa tezi dume ina shida anasikia uanaume wake ndo umekwisha, ndo maana wengine hawaendi kupima kabisa. Wagiriki wao walikiita kiungo hiki kwa neno lenye maana ya anayesimama mbele, yaani kama mlinzi wa geti la kibofu, hakuna uvimbe wala udume hapo.

Pwani wana tezi nyingine, ile ya jahazi, sehemu ya nyuma ya chombo, kwenda tezi na omo marejeo ngamani. Haihusiani kabisa na habari yetu, ingawa daktari akivaa glovu kwa kile kipimo cha kidole utaona kwamba na hii ya kwetu inafikiwa kwa nyuma vilevile.

Utasema hayo ni mambo ya lugha tu, lakini hapana, ndani ya hilo "ana tezi dume" tunachanganya magonjwa ambayo hata hayafanani. Baba mkubwa wangu alibanwa mkojo usiku, akawekewa mpira, habari ikafika ukoo mzima kuanzia Machame mpaka Dar kwamba "ana tezi dume", watu wakaanza kuchanga na kulia kabisa, kumbe tezi yake ilikuwa imekua tu kwa umri, kitu ambacho kwenye miaka 60 karibu nusu ya wanaume kimeshawaanza. Siyo saratani na wala haigeuki kuwa saratani. Upande wa pili kuna jirani yetu mmoja Usa River, yeye wakasema "ni tezi dume tu ya uzee", akawa anapakwa dawa ya kuchua mgongo miezi na miezi, na ile ilikuwa saratani imeshafika kwenye pingili za mgongo. Neno moja, huyu limemliza bure na yule limemlaza usingizi.

Tofauti yenyewe inaanzia mahali. Kukua kwa kawaida kunaanzia katikati, pale mrija unapopita, kwahiyo mkojo unakusumbua mapema, unajikamua, matone matone, usiku unaamka mara nne. Saratani mara nyingi inaanzia pembeni, kwenye ganda la nje, mbali na mrija, kwahiyo inaweza kukaa miaka bila kukusumbua chochote. Kuna na maambukizi ya tezi, hayo yanakuja na homa na maumivu na yanawapata hata vijana, yana dawa zake.

Na hapo kwenye ganda ndo kuna jambo ambalo watu wengi hawaambiwi au wanaambiwa wakiwa bado na usingizi wa dawa. Ukifanyiwa ule upasuaji wa kupitia njia ya mkojo kwa sababu tezi imekua, wanakwangua nyama ya katikati, ganda la nje linabaki. Halafu mtu anarudi nyumbani anatangaza "nimetolewa tezi dume, mimi sasa nimemaliza". Hujamaliza. Pale pembeni palipobaki saratani bado inaweza kuanza, kwahiyo kupima kunaendelea. Kuondolewa tezi nzima ni upasuaji mwingine kabisa na huo ndo wa saratani.

PSA nayo, kile kipimo cha damu, watu wanaisoma kama matokeo ya mtihani, umefaulu au umefeli. PSA ni protini inayotengenezwa na tezi yenyewe, nzima au mgonjwa. Mara nyingi utasikia mpaka wa kawaida ni 4, lakini inapanda kwa saratani, inapanda kwa tezi iliyokua, kwa maambukizi, kwa mpira uliowekewa juzi, hata kwa tendo la ndoa la jana. Na ukiwa unameza finasteride kwa ajili ya tezi iliyokua, baada ya miezi kadhaa inashuka karibu nusu, usipomwambia daktari mtafurahi wote bure. Anayesema hii ni saratani siyo PSA, ni kile kinyama wanachochukua na sindano na kupeleka maabara, kikirudi na alama za Gleason, kuanzia 6 mpaka 10, 10 ndo kali.

Matibabu yanafuata hapo. Iliyokua tu ina vidonge, tamsulosin ya kulegeza njia na hiyo finasteride ya kuipunguza, vikishindwa ndo wanakwangua. Saratani ya alama ndogo iliyotulia ndani ya tezi inaweza kuangaliwa tu kwa vipimo vya mara kwa mara bila kuguswa, na hii familia nyingi za huku hazikubali kabisa, wanaona daktari kamtelekeza mzee wao. Nyingine wanaondoa tezi yote au wanapiga mionzi. Ikishasambaa wanashusha homoni ya kiume kwa sindano au kwa kutoa korodani, kwa sababu ndo chakula chake, jambo alilolionyesha Charles Huggins kule Chicago mwaka 1941 na likampa Nobel mwaka 1966. Dripu za kemo zipo pia. Kwa watu wa Moshi na Arusha, hospitali ya KCMC pale Moshi kuna kitengo kizima cha urolojia, yaani magonjwa ya njia ya mkojo na tezi hii, siyo lazima uanzie kwa yule wa spika pale stendi anayetibu ngiri, bawasiri, tezi dume na kukosa bahati kwa chupa moja.

Ingawa ngoja niwe mkweli, kuna mti unaota kwenye misitu ya Kilimanjaro na Meru, kitaalamu Prunus africana, magome yake Ulaya wanatengenezea vidonge vya tezi. Lakini ni vya kupunguza usumbufu wa tezi iliyokua, siyo saratani. Sasa ukiwa hujui ni ipi kati ya hizo, hilo gome unalichemshia nini?

Jumapili nikimkuta yule mzee nitamwamkia kwanza, nimwagizie kahawa na kashata, halafu nimuulize taratibu majibu yalisemaje hasa, waliangalia PSA peke yake au na kidole pia, na kama baba yake au kaka yake aliwahi kuugua, maana hapo hatari yake inapanda kama mara mbili. Na kama yote yako vizuri, basi meku, tezi dume unayo, tena nzima.