Asubuhi ya mwenye sonona: yanayosemwa na yaliyo kweli

Kuna asubuhi nilikaa ukingoni mwa kitanda dakika 40, soksi moja mguuni, nyingine mkononi. Sikuwa nikiwaza jambo lolote zito. Mguu wa pili ulikuwa mbali, basi. Jioni ya siku hiyohiyo mtu anayenipenda akanitumia orodha ya mambo 10 ya kufanya kila alfajiri ili kuishinda sonona. La kwanza: amka saa 11. La pili: oga maji baridi. La tatu sikulifikia.

Tangu hapo nimezisoma orodha za namna hiyo nyingi tu. Baadhi ya yaliyomo ni kweli kabisa. Mengine ni uzushi uliovishwa nguo za ushauri, na anayeumia ni yule ambaye tayari hana nguvu.

"Asubuhi akili ni mpya. Anayeamka na huzuni kajitakia."

Kwa wengi wenye sonona mambo ni kinyume. Ipo aina yake, madaktari huiita melankolia, ambayo asubuhi ndiyo saa mbaya kuliko zote, kisha mzigo unapungua kidogo kidogo kuelekea jioni. Mgonjwa hugutuka mapema kuliko muda wake wa kawaida, kwa muda wa saa mbili au zaidi, na usingizi haurudi tena. Hiyo ni dalili inayotambulika kitabibu, wala si tabia ya mtu. Juu yake kuna mawenge ya usingizi, yale yanayompata kila binadamu, ambayo huchukua robo saa, nusu saa, pengine zaidi, kabla kichwa hakijatulia.

Hapa pana mambo mawili ambayo ningependa kila nyumba iyajue. Kwanza, mgonjwa asiamue mambo makubwa kabla ya saa 6 mchana. Kuacha kazi, kuvunja uchumba, kujihukumu kwamba hafai kitu: yote yasubiri. Mimi mwenyewe nimewahi kuandika barua ya kuacha kazi saa 12 asubuhi, na nilipoisoma saa 10 jioni nikaona kama imeandikwa na mtu mwingine. Pili, mkimwona jioni anacheka, msiseme asubuhi alikuwa anaigiza. Hakuigiza asubuhi, na jioni pia haigizi.

"Lazima uamke saa 11 alfajiri."

Hakuna lazima. Kuwa mtu wa alfajiri au mtu wa usiku ni jambo ambalo kwa sehemu tunalirithi. Saa ya ndani ya mwili inachokipenda ni kuamka muda uleule, siku za kazi na za mapumziko. Aliyelala saa 7 usiku akajiamsha saa 11 amejipunja usingizi tu, na usingizi mchache huichafua hisia ya mtu hata asiye mgonjwa. Chagua saa unayoweza kuishika hata siku mbaya. Ikiwa ni saa 2 asubuhi, ni saa 2.

"Subiri ujisikie nafuu, ndipo uanze."

Hili ndilo linalotuponza kuliko yote, maana linaonekana la busara. Mtu anajifunika gubigubi akisubiri hamu ije, na hamu haiji, kwa sababu sonona yenyewe ni ugonjwa wa kuiba hamu. Kadiri anavyojitenga na mambo yanayompa raha au maana, ndivyo anavyozidi kuzama, na kadiri anavyozama ndivyo anavyojitenga.

Peter Lewinsohn, mwanasaikolojia wa Marekani, aliueleza mzunguko huo miaka ya 1970. Kutokana na fikra hizo ikakua tiba inayoanza na tendo na kuiacha hisia ifuate nyuma. Mwaka 2016 watafiti wa Uingereza walichapisha matokeo ya jaribio la watu wazima 440 wenye sonona. Nusu walipewa tiba hiyo ya matendo, na waliowahudumia walikuwa wafanyakazi wa ngazi ya chini wenye mafunzo mafupi. Nusu nyingine walipewa tiba ya kurekebisha fikra kutoka kwa wanasaikolojia waliobobea. Baada ya mwaka mmoja, kundi la kwanza halikuwa nyuma ya la pili.

Sasa, mtu atasema hiyo si ndiyo ileile "jikaze kisabuni"? Hapana. Anayekwambia ujikaze anadai nguvu usiyo nayo. Tiba hii inashusha ngazi mpaka mguu uifikie. "Kujiandaa" ni neno moja lenye kazi 20 ndani yake, kwa hiyo unalivunja. Miguu ianguke sakafuni. Pazia. Maji ya kunywa, ambayo yalishawekwa karibu tangu jana. Mswaki, hata kama ni meno ya mbele tu. Jioni nilianza kupanga nguo kitini kwa mpangilio wa kuvaa, soksi zikiwa juu kabisa kwa kuwa ndizo zilizonishinda. Siku nzuri nilifika hadi barabarani, nikatembea. Siku mbaya niliishia pazia, nikaandika "pazia" kwenye daftari, nayo ikahesabika.

"Ndani ya siku 21 tabia imekaa."

Namba hii inatokana na Maxwell Maltz, daktari wa upasuaji wa kurekebisha maumbile, aliyeandika mwaka 1960 kwamba wagonjwa wake walihitaji walau siku 21 kuizoea sura mpya. Watu wakaiondoa ile "walau", wakaipeleka kwenye kila jambo. Watafiti wa London walipowafuatilia watu 96 waliojiwekea tabia mpya, matokeo yakatoka mwaka 2010: kwa kawaida ilichukua siku 66, wengine 18, na kwa makadirio wengine hadi 254. Kitu ambacho hakitangazwi ni kwamba kuruka siku moja hakukuharibu kitu. Mwenye sonona ataruka siku. Akishaamini kwamba mnyororo umekatika, hatarudi.

"Mwanga ni tatizo la nchi zenye theluji."

Kweli sonona ya msimu, aliyoieleza daktari wa akili Norman Rosenthal na wenzake mwaka 1984, huonekana sana kule ambako majira ya baridi yana mchana mfupi. Lakini anayeshinda chumbani pazia limefungwa amejitengenezea majira yake. Taa ya kawaida ya ndani hutoa luksi (kipimo cha mwanga) mia chache tu, ilhali nje, hata mawingu yakiwa yametanda, ni maelfu. Mwanga wa asubuhi ndio unaoiambia saa ya mwili kwamba siku imeanza. Kukaa mlangoni au kutembea nje nusu saa kunasaidia, bila kulikodolea jua macho. Zile taa maalumu za luksi 10,000 zinasaidia, ila mwenye ugonjwa wa bipola, ule wa hisia kupanda na kushuka kupita kiasi, asizitumie kabla ya kumwona daktari, kwani zinaweza kumpandisha hadi asilale wala asitulie.

"Maji baridi na daftari la shukrani huponya."

Maji baridi: ukiyapenda, oga. Ushahidi wake kwa sonona bado ni mwembamba. Daftari la shukrani huwafaa baadhi. Mimi liligeuka kiboko: kila nilichoandika kilinikumbusha kwamba nina kila kitu na bado nalia. Nililiacha.

"Ukiwa na ratiba nzuri huhitaji dawa."

Sonona nyepesi inaweza kupungua kwa mazoezi, usingizi na mtu wa kuzungumza naye. Iliyokomaa inahitaji tiba ya mazungumzo, dawa, au vyote viwili. Dawa huchukua wiki kadhaa kabla ya kuonyesha kazi yake, na saa ya kumeza ina sababu: fluoksetini kwa kawaida hunywewa asubuhi kwa kuwa inaweza kumnyima mtu usingizi, mirtazapini usiku kwa kuwa inalaza. Usizibadilishe saa kwa kubuni, wala usiache ghafla, maana kizunguzungu na mishtuko kama ya umeme kichwani vinaweza kukufuata. Daktari anaweza pia kupima damu, kwani upungufu wa damu na tezi ya shingo isiyofanya kazi ya kutosha huleta uchovu unaofanana sana na huu.

Anayeamka akitamani kufa asisubiri ratiba yoyote. Amwambie mtu siku hiyohiyo, aende hospitali. Na ukimshuku ndugu yako, muulize waziwazi. Kuuliza hakumpandikizii wazo.

Unapokwenda kwa daktari, nenda na saa zako zimeandikwa: umegutuka saa ngapi, umeondoka kitandani saa ngapi, mzigo umepungua saa ngapi, kwa wiki 2. Mimi nilimpa karatasi yenye mistari 14. Aliisoma yote, kisha akaniuliza kuhusu soksi.