Boksi kubwa la sabufa si lazima litoe besi nzito
Imani kwamba boksi likiwa kubwa ndipo besi ya gari inakuwa nzito imeharibu sabufa (spika za besi) nyingi nzuri. Katika boksi lililozibwa, hewa ya ndani ni kama springi inayorudisha koni, ile sehemu ya spika inayotikisika, mahali pake. Boksi likizidi ukubwa, springi hulegea, koni hutupwa mbali, na ukifungulia sauti sana koili, waya uliozungushwa nyuma ya koni, inaweza kugonga sehemu ya nyuma ya spika. Likiwa dogo mno, besi ya chini kabisa hupotea.

Ujazo unaofaa huamuliwa na spika yenyewe, kwa hesabu alizozitoa Neville Thiele wa Australia mwaka 1961 na Richard Small akaziendeleza. Basi soma vipimo vya spika kabla ya kukata ubao. Na tafadhali, pima ndani, si nje: sentimita 40 kwa 35 kwa 30 ni lita 42, kabla ya kutoa nafasi inayochukuliwa na spika.