Mlakasa uani: wanayosema watu na ulivyo hasa

Oktoba 2022, kina cha mto Ruvu kiliposhuka na Dar ikaingia kwenye mgao wa maji, ukoka wangu uligeuka rangi ya gunia. Maji yaliyoletwa na guta yalikuwa ya kupikia na kuogea, na hakuna mwenye akili timamu angeyamwaga kwenye nyasi. Lakini kule ufukweni Kigamboni mlakasa ulikuwa umetandaa kijani mchangani, na maua yake ya zambarau iliyopauka yamefunguka kana kwamba habari za mgao hazijaufikia. Ndio ule wenye jani lililopasuka nchani kama kwato ya mbuzi. Wataalamu wanauita Ipomoea pes-caprae, na pes-caprae ni Kilatini cha mguu wa mbuzi.

Nikaupanda uani. Tangu hapo kila apitaye getini ana neno.

"Huo ni wa chumvi, ukiutoa baharini unakufa."

Hili ndilo nililoambiwa zaidi. Mlakasa huvumilia chumvi, hauitegemei. Umejaa ufukweni kwa sababu mimea mingi imeshindwa pale, na kwa sababu mbegu zake huelea. Ukipasua tumba lililokauka utakuta mbegu za kahawia zenye manyoya, nne kwa kawaida, na hizo husafirishwa na mawimbi mbali sana. Ndiyo maana mmea huohuo uko India, Australia na Brazil. Kwangu bahari iko mbali na hata harufu yake haifiki, nao unatambaa vizuri.

Unachodai ni jua la kutwa na mchanga unaopitisha maji. Kinachouua ni mfinyanzi unaotuama masika nzima, mizizi ikaoza. Kabla hujapanda, chimba shimo la futi moja, mimina ndoo ya maji, uende ukanywe chai. Ukirudi baada ya saa moja ukakuta maji bado yamekaa, inua tuta au tafuta mmea mwingine.

"Hauhitaji maji hata kidogo."

Hili niliamini mwenyewe, na lilinigharimu. Nilichomeka marando, yaani vipande vya shina linalotambaa, thelathini Januari, jua la utosi, nikayaacha yajitegemee kama nilivyoambiwa. Kwa wiki moja yakawa kamba. Mlakasa uliokomaa una mizizi iliyoshuka chini, na hiyo ndiyo inayoustahimilisha kiangazi. Rando lililokatwa leo halina mzizi wowote.

Mara ya pili nilisubiri masika ianze. Nilikata marando yenye urefu wa kuanzia kiganjani hadi kiwikoni, kila moja na vifundo vitatu au vinne, nikafukia viwili na kuacha ncha nje. Siku ambazo mvua haikunyesha nilimwagia jioni, kopo moja kila rando, kwa wiki tatu hivi. Kila kifundo kinachogusa mchanga hutoa mizizi yake, na ukishaona hivyo, weka kopo kabatini. Wanaopanda kwa mbegu wasishangae zikikaa kimya: ganda lake ni gumu, lisugue kidogo kwa msasa upande mmoja, kisha loweka usiku kucha.

"Unafuga nyoka."

Bibi wa nyumba ya pili alisimama getini, akaitikia shikamoo yangu, halafu akasema, "Mwanangu, hapo umewatandikia godoro." Sikumcheka, maana hofu yake haikutoka hewani. Nyoka hafuati ua, anafuata panya, vyura na mahali pa kujificha. Tuliinua marando pamoja kwa fimbo, tukakuta mijusi na sandali ya mtoto iliyopotea tangu Idi. Rundo la matofali na mabati chakavu nyuma ya choo changu ndilo lililokuwa hoteli ya panya, na hilo nililiondoa wiki hiyohiyo. Hata hivyo bibi ana hoja: majani yakisongamana huwezi kuona unapokanyaga. Mimi hukata marando yabaki hatua moja kutoka ukutani, mlangoni na kwenye njia.

Kuna wanaodhani ni matembele ya pwani. Ni ukoo mmoja na kiazi kitamu, kweli, lakini undugu hauufanyi kuwa mboga. Usipike. Wengine hudhani utachukua nafasi ya nyasi za kuchezea watoto. Hapana, haupendi kukanyagwakanyagwa, na mpira wa jioni mmoja tu utaacha vidonda vya wiki kadhaa.

Kosa linaloniudhi zaidi linatokea kwenye miche ya barabarani. Ukiomba ua la asili linalotambaa, mara nyingi utapewa wedelia, ile yenye maua ya njano na majani yanayong'aa. Ni nzuri machoni, lakini asili yake ni maeneo ya joto ya bara la Amerika, na imo kwenye orodha ya IUCN, muungano wa kimataifa wa uhifadhi wa mazingira, ya viumbe vamizi 100 vibaya kuliko vyote duniani. Ikivuka ukuta wako ikaingia mtaroni, kuing'oa ni kazi ya miaka.

Na usiende ufukweni na jembe ukidhani ni mali ya bure. Mizizi ile ndiyo inayoshika mchanga usichukuliwe na maji, na pwani yetu, waulize watu wa Kunduchi, inaliwa vya kutosha. Omba marando kwa aliyeupanda kwake. Huwa anayo ya kutupa, kwa sababu lazima aupunguze.

Chini ya mwembe mlakasa wangu ulirefuka, ukapauka, ukaninyima maua. Kivulini pale nimeweka tikini, yenye vimaua vyeupe vidogo vyenye madoa ya zambarau, nayo ni ya hapahapa kwetu. Hiyo inalika. Shangazi akija kutoka Korogwe hafiki sebuleni kwanza. Anaweka mkoba chini ya mwembe, anakunja kanga, anaanza kuchuma, na kuniuliza kama nazi ipo.