Pointi za kasino hazihesabu hasara yako

Hapa Malindi wengi huamini kadi ya uanachama ya kasino hutoa pointi kwa kadiri ulivyoliwa, na kwamba ukiichomeka kwenye mashine ya kamari, mashine hukaza isitoe ushindi. Si kweli. Kadi hurekodi tu uchezaji wako. Matokeo huamuliwa na programu ya namba za kubahatisha, isiyojali kama kadi ipo.

Kwa kawaida pointi hufuata jumla ya dau. Umeingia na shilingi 1,000, ukabonyeza mara 100 kwa 50, ukichezea tena ulichoshinda: hizo ni 5,000, na pointi ni za 5,000, hata ukitoka na faida. Mashine inayobakiza asilimia 8 ya dau itakula, kwa wastani, 400. Zawadi unazopewa kwa pointi humegwa humo, tena kipande kidogo mno, jambo linaloniuma nikiona vijana wakizifukuzia.