Usinitajie idadi ya ajira, nitajie siku za kazi

Kila msimu wa bajeti sentensi ni ileile: mradi huu wa barabara utazalisha ajira elfu kadhaa. Anayeitamka huitamka kwa fahari. Anayempinga hujibu kwamba serikali haizalishi ajira, inatapanya kodi tu. Halafu wanabishana wiki nzima juu ya namba ambayo hakuna kati yao aliyeuliza imehesabiwaje. Barabara haizaliwi na ajira tumboni. Kilomita ileile, kwa upana uleule na kokoto zilezile, inaweza kulipa siku 80 za kazi au siku 1,400. Kinachoamua ni nani aliyechora, nani aliyeandika BOQ (orodha ya kazi, vipimo na bei zake), na hati ya malipo ya mkandarasi inakaa wiki ngapi kabla ya kusainiwa.

Tuhesabu. Chukua kilomita moja ya barabara ya changarawe ya wilayani, upana mita 5.5, unene sentimita 15 baada ya kushindiliwa. Hizo ni mita za ujazo 825. Changarawe ikiwa imelegea huongezeka kama asilimia 30, kwa hiyo machimboni unahitaji karibu 1,070. Mtu mwenye sululu na beleshi zuri hukata na kurundika kama mita za ujazo 2.5 kwa siku, kwa hiyo siku 428. Kupakia kwenye tela, mita 8 kwa mtu kwa siku: siku 134. Kusambaza kwa reki na koleo, mita 12: siku 89. Sasa mitaro ya pande zote mbili. Mtaro wa kawaida hutoa nusu mita ya ujazo kwa kila mita ya urefu, kwa hiyo kilomita nzima ni mita za ujazo 1,000, na kwa udongo wa wastani mtu huchimba 3 kwa siku: siku 333. Udongo huohuo unarushwa katikati kutengeneza mgongo wa barabara: siku 83. Kufyeka na kung'oa visiki ukanda wa mita kumi, 67. Ukiongeza makalavati, michirizi ya kutoa maji pembeni, wamwagiliaji na walinzi, unafika siku 1,400 hivi.

Kwa mashine, kilomita hiyohiyo ni greda moja, kijiko kimoja (mashine ya kuchimba), tipa nne, boza la maji na roli ya kushindilia. Watu ishirini, siku nne. Siku 80.

Hapa ndipo penye kero yangu, na sitapita haraka. Zile siku 1,400 unaweza kuzigawa utakavyo. Watu 70 wafanye siku 20 kila mmoja: umepata "ajira 70". Badilisha zamu kila baada ya siku 10, watu 140: "ajira 140". Kila kaya ya kijiji ipate siku tano, watu 280: "ajira 280". Namba imeongezeka mara nne na hakuna hata koleo moja la udongo lililoongezeka. Kama ujira ni shilingi 10,000 kwa siku, kijiji kimepokea shilingi milioni 14 katika hali zote tatu. Ukizipima kwa kipimo cha ajira ya mwaka mzima, yaani siku 260 hivi, siku 1,400 ni ajira tano na kidogo. Tano! Si 280. Na taarifa ya mradi itaandika 280, kwa sababu daftari la mahudhurio lina majina 280, na hakuna aliyedanganya kwa maana ya kudanganya. Wamehesabu vichwa.

Kugawa siku kwa watu wengi huwa na sababu nzuri. Kaya nyingi zinapata ada ya shule au mbolea, na ugomvi kijijini unapungua. Ila siku tano za kazi hazimfundishi mtu kushika fremu ya kupimia mgongo wa barabara. Siku 60 zinamfundisha. Kwa hiyo kugawa kwingi kunauza ujuzi ili kununua amani, na anayepanga mradi anapaswa kujua kwamba ndiyo biashara anayoifanya. TASAF, mfuko wa serikali ya Tanzania wa kusaidia kaya maskini, kwa mfano, imekuwa ikipanga ajira za muda kwa kiwango cha siku 60 kwa kaya kwa mwaka. Hicho ni kipimo kinachoeleweka: unajua umempa nani nini. Mradi wa barabara unaotangaza "ajira 3,000" bila kutaja siku haujakwambia kitu.

Watu hudhani mkandarasi akiamua tu kuwapenda vijana wa kijiji, atawaajiri. Mkandarasi ana mkopo benki. Uamuzi ulishafanyika kwenye makaratasi kabla hajafika. Mchoro ukidai mtaro wa pembetatu wenye ubavu mrefu, umechorewa bledi ya greda. Mtaro wa kitako bapa umechorewa koleo. BOQ ikiweka machimbo umbali wa kilomita 15, kazi ya tela na vibarua imekufa, kwa sababu trekta na tela linalipa hadi kama kilomita nane na baada ya hapo ni tipa, na tipa haiwezi kusubiri watu wanane wapakie kwa mkono huku injini inaunguruma. Toroli linalipa hadi mita 150 tu. Kazi ikitangazwa kama kipande kimoja cha kilomita 40 chenye masharti ya kumiliki greda mbili, kikundi cha wanawake au vijana hakitafua dafu hata kama sheria ya manunuzi inawatengea asilimia 30. Ikatwe vipande vya kilomita tano.

Na malipo. Hili ndilo linaloua ajira nyingi kuliko mashine yoyote, na halimo kwenye hotuba. Mkandarasi anayetumia mashine hununua dizeli kwa mkopo, hukodi kijiko kwa ahadi, na hati ya malipo ikichelewa miezi mitatu anabanwa lakini anapumua. Anayetumia watu hawezi. Kibarua hakopeshi. Anataka chake kila wiki mbili, na ni haki yake, kwa sababu nyumbani hakuna unga. Malipo yakichelewa mara moja, wanarudi nusu. Yakichelewa mara mbili, wanabaki wasio na pa kwenda, ngwe (kipande cha kazi cha siku anachopimiwa kila mtu) hazikamiliki, muda wa mkataba unakwenda, na mkandarasi anakodi kijiko amalize. Ukiangalia kwa nje utasema "vibarua ni wavivu" au "mashine ni bora". Hapana. Hati imekaa mezani. Serikali inayotaka ajira kwenye barabara ianze na akaunti ya ujira iliyotengwa, inayolipwa kwa daftari la mahudhurio bila kusubiri hati kuu. Mengine yatafuata.

Kosa lingine la kila siku ni ngwe. Nyapara mvivu hupima mita sita za mtaro kwa kila mtu, mstari mzima. Kwenye tifutifu mtu anamaliza saa nne asubuhi; mwenzake aliyeangukia mwamba laini bado yumo saa kumi jioni, amekasirika, na kesho hatarudi. Udongo mgumu ngwe ni mita tatu na nusu. Lazima nyapara atoboe kwa sululu kila baada ya hatua chache, apige kigingi, avute kamba, aandike. Ni kazi ya nusu saa asubuhi inayookoa mradi. Vifaa navyo: jembe butu linapunguza ngwe kwa robo, na toroli la tairi la upepo kwenye barabara ya miiba ni pancha tatu kwa siku. Kushindilia ndiko ambako mikono haitoshi. Hapo leta roli ya tani moja ya kusukuma, udongo uwe na unyevu wa kushikana kiganjani bila kutoa maji, na tabaka lisizidi sentimita 15. Anayesema barabara za vibarua hazidumu mara nyingi ameona barabara iliyoshindiliwa kwa matairi ya trekta.

Kwamba inawezekana si suala la kubishania tena. Kenya ilianza mwaka 1974 na mpango wa barabara za vijijini, ikajenga maelfu ya kilomita kwa mikono, na kituo cha mafunzo cha Kisii kikafundisha mafundi sanifu wa nchi nyingi. Tanzania tuna chuo cha ATTI Mbeya kwa kazi hiyohiyo. TARURA, wakala wa barabara za vijijini na mijini, imejenga madaraja ya upinde ya mawe Kigoma na kwingineko: mawe ya hapohapo, saruji, waashi, fomu ya mbao ya kushikilia upinde wakati wa kujenga, bila nondo. Pesa ya daraja la mawe hubaki tarafani. Pesa ya lami huondoka bandarini, kwa sababu lami tunaagiza nje, dizeli tunaagiza nje, na greda pia. India waliliona hili wakaliweka kwenye sheria yao ya ajira vijijini ya mwaka 2005: gharama ya vifaa pamoja na mafundi isizidi asilimia 40, kinachobaki kiwe ujira wa vibarua. Hawakuandika idadi ya ajira. Waliandika siku 100 za kazi kwa kaya kwa mwaka na mgawanyo wa pesa, na ajira zikafuata.

Sasa ya upande wa pili, maana nisingependa mtu achukue makala haya kama tiketi ya kuchimba kila kitu kwa mkono.

Mashine wakati mwingine ni rahisi kweli. Chukua mfano: ujira 10,000, mita za ujazo 2.5 kwa siku, ni shilingi 4,000 kwa kila mita. Kijiko cha kukodi pamoja na dizeli, tuseme 1,200,000 kwa siku, kikichimba mita 400, ni shilingi 3,000. Kijiko kimeshinda. Kikiharibika na kusubiri spea nusu ya siku huku kodi inahesabiwa, ni 6,000, na mikono imeshinda. Kwa hiyo jibu linategemea karakana iko wapi. Karibu na mji mashine hushinda. Kilomita 200 kutoka kwenye spea, sivyo. Kwenye reli, bwawa au barabara kuu ya lami, mjadala huu hauna nafasi kubwa: vile vinajengwa kwa ajili ya huduma itakayotolewa, na anayevitetea kwa idadi ya vibarua anavitetea kwa hoja dhaifu kuliko zote alizonazo.

Lipo pia swali ambalo vitabu vya kozi hupita juu yake: yule kibarua angekuwa wapi kama mradi usingekuwepo? Mikoa yenye msimu mmoja wa mvua, kati ya Juni na Oktoba mashamba yamelala, na ndio wakati mzuri wa kuchimba mtaro. Hapo siku ya kazi ni siku mpya kweli. Kagera, kwenye misimu miwili ya mvua na migomba isiyolala, unamtoa mtu shambani. Ujira ukipandishwa juu ya ule wa kibarua cha shamba, unaharibu palizi ya jirani. Ukishushwa chini yake, wanakuja wazee na waliochoka tu. Waashi ndio kabisa: mradi mkubwa ukiingia wilayani, fundi anayelipwa na mradi ametoka kwenye nyumba ya mtu, na nyumba ile imesimama kwenye renta. Ajira imehama, haikuzaliwa. Malawi walipima programu yao ya kazi za umma chini ya MASAF, mfuko wao wa maendeleo ya jamii, na watafiti hawakuona chakula kikiongezeka kwenye kaya zilizoshiriki. Hilo linanisumbua, kwa sababu programu ile haikuwa ya hovyo. Hisia yangu ni kwamba siku zilikuwa chache mno kubadili kitu, lakini sina namna ya kulithibitisha.

Na barabara ikishafunguka? Genge jipya linaota kwenye njia panda, na kila mtu analipiga picha. Duka la kijiji cha zamani, lililoachwa na njia ile, linafungwa, na hilo halipigwi picha. Nakubali barabara inaleta biashara. Sikubali kuhesabu maduka yaliyofunguliwa bila kuhesabu yaliyofungwa.

Mahali ambapo sina shaka kabisa ni matengenezo. Kenya katika mpango ule walimpa mtu mmoja anayeishi kando ya barabara kipande cha kama kilomita moja na nusu hadi mbili. Anazibua kalavati, anafyeka mabega, anasafisha mtaro, anajaza shimo likiwa bado la ukubwa wa sufuria. Hana greda, hana dizeli, gharama yake karibu yote ni ujira. Ukimpa kilomita mbili na siku 12 za kazi kwa mwezi, ni siku 144 kwa mwaka. Kilomita 100 zinahitaji watu 50 na siku 7,200, kila mwaka, watu walewale, wanaozidi kuijua kazi. Hakuna utepe wa kukata pale, ndiyo maana fungu lake ndilo la kwanza kukatwa bajeti ikibana. Halafu masika yanakuja, kalavati lenye kipenyo cha sentimita 60 limejaa mchanga nusu, maji yanapanda juu ya barabara usiku mmoja, na changarawe yote iliyolipiwa siku 428 za sululu iko bondeni.