Katuni Kumi na Moja Zilizoondolewa Hewani: Ufafanuzi kwa Watazamaji na Waombaji wa Nakala

Kufuatia kuongezeka kwa malalamiko na maombi ya nakala za katuni ya Marekani ya mwaka 1943 iitwayo Coal Black and de Sebben Dwarfs, ambayo vipande vyake vinasambazwa kwenye simu vikiambatana na maelezo kwamba "serikali iliificha", kitengo chetu cha hifadhi ya filamu kimeona ni vyema kutoa ufafanuzi. Hakuna serikali iliyoipiga marufuku. Sheria ya Mawasiliano ya Marekani ya mwaka 1934 hairuhusu tume inayosimamia utangazaji nchini humo kudhibiti vipindi vya vituo kwa namna hiyo, na hakuna amri ya mahakama inayohusika. Aliyezuia ni mwenye mali. Mwaka 1968 kampuni ya United Artists, ambayo wakati huo ilimiliki katuni nyingi za zamani za Warner Bros., iliondoa filamu kumi na moja, hii ikiwemo, katika orodha iliyouzwa kwa vituo vya televisheni, na wamiliki waliofuata, wakiwemo kampuni ya Turner na baadaye Warner wenyewe, wameuendeleza uamuzi huo. Wanaotutaka "tuiachilie" wanagonga mlango usio wao.

Yafaa kueleza kwa nini zilikuwa kumi na moja tu, ilhali katuni nyingi za zama hizo zilikuwa na mzaha wa rangi. Kwa filamu nyingine kituo kiliweza kukata tukio la sekunde chache na hadithi ikaendelea, lakini katika hizi dhihaka ndiyo hadithi yenyewe, na ukiikata hakibaki kitu cha kurusha. Coal Black, iliyoongozwa na Bob Clampett, ni mzaha juu ya filamu ya Disney ya mwaka 1937 kuhusu binti na vijeba saba, ila wahusika wake ni Waamerika Weusi waliochorwa kwa midomo mikubwa kupita kiasi, malkia amejilimbikizia sukari na matairi wakati wa mgao wa vita, vijeba ni askari, na mwana wa mfalme amewekewa dadu mahali pa meno. Gari la wauaji wa kukodiwa limeandikwa bei, na bei ya kuua Wajapani ni bure. Michoro ya namna hii haikubuniwa na Clampett. Ilitoka katika maonyesho ya jukwaani ya karne ya 19, ambamo wazungu walijipaka masizi usoni ili kuwaigiza watu weusi na kuwacheka.

Hoja tunayoletewa mara nyingi kuliko zote ni kwamba enzi hizo hakuna aliyeudhika, na kwamba malalamiko ni mambo ya vijana wa leo. Hoja hii haina msingi, na tungeomba isirudiwe. Chama cha NAACP, kinachotetea haki za Waamerika Weusi, kiliipinga Coal Black mwaka huo huo wa 1943 na kuitaka kampuni iiondoe. Miaka michache baadaye chama hicho hicho kiliilalamikia katuni ya mtayarishaji Walter Lantz ya mwaka 1941, Scrub Me Mama with a Boogie Beat, iliporudishwa sinemani, na kampuni ya Universal ikaiondoa mwaka 1949. Walioudhika walikuwepo na walisema. Kwa muda mrefu hawakusikilizwa.

Ni haki pia kusema kwamba Coal Black si kazi duni. Sauti za binti na malkia zilitolewa na Vivian na Ruby Dandridge, wasanii weusi, na mwaka 1994 wataalamu wa uhuishaji waliiweka nafasi ya 21 kati ya katuni 50 bora. Vilevile haikuchomwa moto: mwezi Aprili 2010 nane kati ya zile kumi na moja, hii ikiwemo, zilioneshwa hadharani katika tamasha la filamu Hollywood.

Sasa kuhusu utaratibu. Anayehitaji kutazama filamu ya aina hii kwa utafiti alete barua ya chuo au taasisi yake ikitaja jina la filamu, mwaka, madhumuni na idadi ya watazamaji, pamoja na kitambulisho, na atatazama katika chumba chetu bila kurekodi kwa simu. Anayetaka nakala alete kwanza idhini ya maandishi ya mwenye hakimiliki. Anayetaka kuionesha hadharani, iwe Kenya au Tanzania, anahitaji pia kibali cha bodi ya filamu ya nchi husika; idhini ya mmiliki haichukui nafasi ya kibali, wala kibali hakichukui nafasi ya idhini.

Filamu ya mwaka 1943 ambayo haki zake zilihuishwa, yaani ziliongezewa muda, hulindwa Marekani hadi mwisho wa mwaka 2038. Mahakama za huko zinaweza kutoza fidia ya kati ya dola 750 na 30,000 kwa kila kazi, na hadi dola 150,000 endapo ukiukaji ulikuwa wa makusudi, na hesabu ni kwa kila kazi, hivyo aliyepakia filamu nne asidhani kwamba atahesabiwa kosa moja. Baadhi ya zile kumi na moja, kama All This and Rabbit Stew ya mwaka 1941, hazilindwi tena huko kwa kuwa haki zake hazikuhuishwa; kwa hizo hatutadai idhini ya mmiliki, lakini barua ya taasisi na, kwa maonyesho ya hadhara, kibali cha bodi vitahitajika kama kawaida, na maombi yasiyo na viambatisho hivyo yatarejeshwa bila kushughulikiwa.